Bei halisi ya kwotabeki mwenye miaka 39

Tarehe 4 Machi 2021, siku mbili baada ya Ben Roethlisberger kutimiza miaka 39, klabu yake ya futiboli ya Kimarekani, Pittsburgh Steelers, ilitangaza kwamba imemsainisha mkataba mpya ili acheze msimu mmoja zaidi. Mashabiki waligawanyika papo hapo. Waliomtetea walisema mkongwe amekubali kupunguziwa dola milioni 5, kutoka milioni 19 alizotarajia kulipwa hadi milioni 14, kwa hiyo timu imempata kwa bei nafuu mtu aliyeipa ubingwa mara mbili. Waliopinga waliuliza kwa nini dola milioni 14 zitumike kwa mchezaji ambaye kiwiko chake kilipasuliwa mwaka mmoja na nusu nyuma, na ambaye mechi yake ya mwisho ilikwisha kwa fedheha nyumbani, mbele ya mahasimu. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, ila zote zilikuwa zikiitazama namba ambayo haikuwa na uzito mkubwa. Kwa hesabu za ligi ya NFL, kumbakiza Roethlisberger kuliigharimu timu dola milioni 3.66 katika mwaka 2021, na milioni 10.34 zilizosukumwa hadi mwaka uliofuata.

Makala haya yanafuata fedha hizo hatua kwa hatua. Kati ya mikataba ninayoifahamu, huu ndio unaoonyesha wazi zaidi kwa nini timu za Marekani humrudisha mkongwe ambaye kila mwenye macho anaona amechoka, na kwa nini uamuzi huo, unaoonekana kuwa wa mapenzi na kumbukumbu, mara nyingi huwa umekwisha kuamuliwa na karatasi zilizosainiwa miaka miwili kabla.

Tuanze na nafasi yenyewe uwanjani. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa karibu kila shambulio, na ndani ya sekunde mbili au tatu huamua aurushe kwa nani, ampe mkimbiaji aliye nyuma yake, au akimbie nao mwenyewe. Soka haina nafasi inayolingana na hiyo. Hata kiungo mchezeshaji aliye bora hana mamlaka ya namna hiyo, kwa sababu wenzake wanaweza kupitisha mpira pembeni dakika kumi nzima bila yeye kuugusa. Katika futiboli ya Kimarekani, timu isiyo na kwotabeki wa kuaminika inaweza kuwa na ukuta imara na wakimbiaji wenye kasi, na bado ikamaliza msimu ikiwa haina lolote la kujivunia. Ndiyo maana timu iliyompata mmoja humshikilia muda mrefu kuliko mchezaji mwingine yeyote, na ndiyo maana kuachana naye ni uamuzi mzito.

Msomaji aliyezoea usajili wa soka aweke pembeni mambo mawili. Katika NFL hakuna ada ya uhamisho: mchezaji mwenye mkataba hubadilishwa kwa mchezaji mwingine au kwa zamu za kuchagua vijana wanaotoka vyuo vikuu, na kwa kawaida aliyemaliza mkataba wake huondoka bure. Zaidi ya hapo, mshahara ulioandikwa kwenye mkataba mara nyingi haujadhaminiwa wote. Timu inaweza kumwacha mchezaji wakati wa mapumziko, na mishahara ya miaka iliyobaki ikafutika. Fedha ambazo mchezaji ana uhakika nazo ni zile alizokwisha kutia mfukoni pamoja na zile zilizodhaminiwa kwa maandishi, na kwa sababu hiyo kila wakala hupigania fedha za kusaini kuliko anavyopigania mshahara.

Juu ya hayo kuna kikomo cha mishahara, utaratibu ulioanza mwaka 1994. Kila mwaka mapato ya ligi hupigiwa hesabu na kutokana nayo hupatikana kiasi kimoja ambacho hakuna timu kati ya zote 32 inayoruhusiwa kukivuka. Mmiliki mwenye mabilioni na mwenye uwezo wa kawaida hulingana hapo. Hakuna anayeweza kufungua pochi akanunua ubingwa. Kwa miaka kadhaa mfululizo kikomo hicho kilikuwa kikipanda, na viongozi wa timu walizoea kuandika mikataba wakiamini kwamba mwakani nafasi itakuwa kubwa zaidi. Kisha likaja janga la UVIKO-19. Msimu wa 2020 ulichezwa katika viwanja vitupu au vyenye watazamaji wachache, mapato ya milangoni yakaanguka, na kikomo kikashuka kutoka dola milioni 198.2 mwaka 2020 hadi milioni 182.5 mwaka 2021. Timu zilizokuwa zimepanga kulipa madeni yao mwaka huo zilibanwa, na Steelers walikuwa miongoni mwao.

Fundo lenyewe liko katika namna fedha zinavyoandikwa. Dola ya mshahara na dola ya kusaini huingia mfukoni mwa mchezaji zikiwa na thamani ileile, lakini kwenye vitabu vya ligi huwekwa katika safu tofauti. Mshahara wa mwaka huhesabiwa wote ndani ya mwaka huohuo. Fedha za kusaini hulipwa mapema, lakini kwa hesabu ya kikomo hugawanywa sawasawa katika miaka ya mkataba, isiyozidi mitano. Anayemjua mwenye duka la mtaani na daftari lake la mkopo atauelewa utaratibu huu upesi: unga umekwisha kuliwa, ila jina lako bado limo kwenye daftari na kila mwezi unapunguza kidogo. Tofauti ni kwamba kwa fedha hizo mchezaji hadai tena chochote. Anayedaiwa ni timu, na inachodaiwa ni nafasi ndani ya kikomo.

Aprili 2019 Steelers walimwongezea Roethlisberger mkataba hadi mwisho wa msimu wa 2021 na kumpa dola milioni 37.5 za kusaini. Ukizigawa kwa misimu mitatu unapata milioni 12.5 kila mwaka. Machi 2020, wakihitaji nafasi, walichukua milioni 19.5 ambazo zingelipwa kama mshahara na bonasi ya mwaka huo, wakazigeuza kuwa fedha za kusaini na kuzigawa kwa misimu miwili iliyobaki, milioni 9.75 kwa kila mmoja. Mchezaji hakupoteza hata senti, na timu ikapata ahueni ya milioni 9.75 mwaka 2020. Ahueni hiyo ilikuwa imekopwa kutoka 2021. Jumlisha 12.5 na 9.75, utaona kwamba dola milioni 22.25 zilikuwa zimekwisha kujiandika kwenye kikomo cha mwaka 2021 kabla mtu yeyote hajaamua kama Roethlisberger atacheza au atabaki nyumbani kwake. Juu yake kulikuwa na mshahara wa milioni 4, na bonasi ya milioni 15 ambayo angelipwa iwapo angekuwa bado yumo kikosini siku chache baada ya mwaka mpya wa ligi kuanza katikati ya Machi. Jumla ikawa milioni 41.25, zaidi ya moja ya tano ya fedha zote za kikosi, kwa mtu mmoja. Hiyo ndiyo namba iliyotawala vichwa vya habari kuanzia Januari, na ndiyo iliyowafanya wengi waamini kwamba njia pekee ilikuwa kumwacha.

Naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu ndipo wengi walipopotea. Steelers wangemwacha Roethlisberger, wangeokoa zile milioni 19 tu. Milioni 22.25 zingebaki kwenye vitabu kama fedha mfu, yaani nafasi inayoliwa na mchezaji ambaye hayupo tena, na kwa kuwa mkataba ulikuwa unafika mwisho, zote zingehesabiwa mwaka huohuo. Kwa hiyo meneja mkuu Kevin Colbert na rais wa klabu Art Rooney II walikuwa na swali jembamba zaidi mezani: ikiwa milioni 22.25 zimekwenda hata tukimwacha, ni kiasi gani cha ziada kinachostahili kutolewa ili acheze?

Mkataba mpya ulilijibu swali hilo kwa ustadi mkubwa. Mshahara wake ulishushwa hadi dola milioni 1.075, kiwango cha chini kabisa ambacho ligi iliruhusu mwaka huo kwa mchezaji mwenye uzoefu mrefu kama wake. Milioni 12.925 zilizosalia ziliandikwa kuwa fedha za kusaini. Sasa, fedha za mkataba wa msimu mmoja hazigawanyiki, kwa hiyo katika karatasi iliongezwa miaka minne mingine, 2022 hadi 2025, ambayo kwenye mkataba huo haikuwekwa ili ichezwe. Msomaji wa Tanzania au Kenya aliyezoea habari za wafanyakazi hewa katika orodha za mishahara ya serikali anaweza kuiita miaka hewa, ingawa hapa hakuna anayedanganywa: ligi inaijua, inairuhusu, na mkataba wenyewe unataja wakati ambapo miaka hiyo itajifuta. Milioni 12.925 kwa miaka mitano ni milioni 2.585 kwa mwaka. Ongeza mshahara wa 1.075 na deni la zamani la 22.25, na mzigo wa mwaka 2021 unakuwa milioni 25.91 badala ya 41.25. Nafasi ya dola milioni 15.34 ilifunguliwa kwa kalamu, ilhali mchezaji mwenyewe alipunguziwa milioni 5 tu.

Linganisha sasa 25.91 na 22.25. Tofauti ni milioni 3.66, na hiyo ndiyo bei ya kuwa na Roethlisberger ndani ya kikomo cha 2021. Mafungu manne yaliyobaki ya fedha za kusaini, jumla milioni 10.34, yangeangukia kwa pamoja mwaka 2022 mara miaka hewa ingejifuta. Jumlisha 3.66 na 10.34, utapata milioni 14 kamili, kwa sababu katika hesabu hii hakuna dola inayopotea. Kinachobadilika ni mwaka wa kuilipia. Na mwaka huo wa 2022, mashabiki wakiwa wamerudi viwanjani, kikomo kilipanda hadi milioni 208.2. Mzigo ulisukumwa kuelekea mwaka wenye mabega mapana zaidi.

Ni nafuu kiasi gani? Machi hiyohiyo Washington walimpa Ryan Fitzpatrick, aliyekuwa na miaka 38, mkataba wa mwaka mmoja wa dola milioni 10, na Chicago Bears wakampa Andy Dalton kiasi kama hicho. Steelers wangetaka mtu wa namna hiyo, wangemlipa yeye na bado wangebeba milioni 22.25 za mtu aliyeondoka. Ukiitazama hivyo, kumrudisha mkongwe kulikuwa njia ya bei ndogo kuliko zote za kupata mtu wa kuanza mechi.

Kwa upande wa mchezaji, kuna wanaoamini kwamba alikubali kupunguziwa kwa moyo wa kujitolea tu. Mimi naamini moyo huo ulikuwapo. Roethlisberger alitangulia kusema hadharani kwamba mwaka ule malipo hayakuwa kitu cha kumhangaisha, na mtu aliyechezea timu moja tangu 2004 ana sababu ya kutaka kumalizia palepale. Hata hivyo, nguvu ya mazungumzo haikuwa upande wake. Bonasi ya milioni 15 ilikuwa na tarehe yake, na timu ilikuwa na haki ya kumwacha kabla ya tarehe hiyo kufika. Mtu wa miaka 39 mwenye kiwiko kilichopasuliwa angeingia sokoni, angewakuta wanunuzi wachache, na huenda kwa bei kama ya Fitzpatrick. Milioni 14, ambazo karibu zote zililipwa kwa kusaini, zilikuwa fedha mkononi. Kila upande ulipata kitu ambacho usingekipata pengine.

Lakini hesabu haikingi kwotabeki asiangushwe, na mkataba wa bei nafuu kwa mchezaji aliyekwisha ni hasara vilevile. Lazima tuulize alikuwa amebakiwa na nini.

Mnamo 15 Septemba 2019, katika mechi ya pili ya msimu dhidi ya Seattle Seahawks, Roethlisberger alirusha mpira wa mbali kisha akaushika mkono wake wa kulia kwenye kiwiko. Hakurudi kipindi cha pili, na hakurudi msimu mzima. Alieleza baadaye kwamba kano tatu zilikuwa zimeng'oka kwenye mfupa. Timu ilimtegemea Mason Rudolph na Devlin Hodges, ikamaliza na ushindi mara 8 na vipigo 8, na Pittsburgh nzima ikapata jibu la wazi kuhusu hali yake bila yeye. Aliporudi mwaka 2020 alikuwa mchezaji mwingine. Katika ujana wake alijulikana kwa kung'ang'ania mpira huku mabeki wakimning'inia mwilini, akiwatikisa na kuwaponyoka hadi mpokeaji apatikane mbali. Sasa aliutoa mpira upesi kuliko karibu kwotabeki yeyote wa ligi, kwa pasi fupi za pembeni, na kwa hiyo aliangushwa mara 13 tu katika msimu mzima. Alipata tachidauni 33 kwa pasi (tachidauni ni alama zinazopatikana mpira ukimilikiwa ndani ya eneo la mwisho la wapinzani), na pasi zake 10 zilinaswa na wapinzani. Timu ilishinda mechi 11 mfululizo mwanzoni.

Kisha wapinzani wakasoma mchezo. Mabeki walianza kusogea karibu, wakijua mpira wa mbali hauji, na timu haikuwa na wa kuwaadhibu kwa mbio kwa sababu Steelers walimaliza msimu ule wakiwa wa mwisho katika ligi kwa yadi za kukimbia. Kati ya mechi tano za mwisho walishinda moja.

Halafu ikaja jioni ya 10 Januari 2021, mtoano dhidi ya Cleveland Browns katika uwanja wa Heinz Field. Katika mchezo wa kwanza kabisa, Maurkice Pouncey, mchezaji wa katikati ambaye huurudisha mpira kwa kwotabeki kupitia kati ya miguu yake, aliurudisha juu mno. Mpira ulimpita Roethlisberger kichwani, ukadunda kuelekea nyuma, na Karl Joseph wa Browns akaulalia ndani ya eneo la mwisho. Ilikuwa tachidauni kabla dakika ya kwanza haijaisha. Robo ya kwanza ilipomalizika Browns waliongoza 28 kwa 0. Roethlisberger alirusha tena na tena, akakamilisha pasi 47, rekodi ya ligi kwa mechi moja, kwa yadi 501 na tachidauni nne. Pasi nne nyingine zilinaswa. Walifungwa 48 kwa 37. Baada ya filimbi yeye na Pouncey walikaa pamoja kwenye benchi, watu wawili waliocheza bega kwa bega miaka kumi na moja, na picha ile ilienea kila mahali kana kwamba ni picha ya mazishi. Pouncey alitundika daluga mwezi uliofuata.

Mechi ile moja inabeba ushahidi wa pande zote. Mtu asiye na mkono hawezi kukamilisha pasi 47. Mtu mwenye mkono wa zamani halazimiki kurusha mara 68 ili kuzikamilisha. Kilichobaki kwa Roethlisberger kilikuwa kusoma uwanja, kuujua mfumo wa adui kabla mpira haujaanzishwa, na utulivu wa dakika za lala salama. Kilichoondoka kilikuwa miguu na mpira wa yadi arobaini unaotua mahali pake. Timu iliyomrudisha ilitakiwa ijue kwamba inarudisha kile cha kwanza peke yake, na ijenge ukuta na wakimbiaji wa kufidia kile cha pili.

Njia mbadala, kwa haki kabisa, hazikuwa nyingi. Rudolph alikuwa amekwisha kuonekana. Dwayne Haskins alikuwa amesajiliwa Januari baada ya kuachwa na Washington. Matthew Stafford alikwenda Los Angeles Rams kwa gharama ya Jared Goff na zamu tatu za uteuzi, mbili zikiwa za raundi ya kwanza, bei ambayo Steelers wasingeiweza kwa urahisi. Katika uteuzi wa vijana wa Aprili 2021 zamu yao ilikuwa ya 24, ilhali makwotabeki watano waliotamaniwa zaidi walikwisha kuchukuliwa ilipofika ya 15: Trevor Lawrence, Zach Wilson, Trey Lance, Justin Fields na Mac Jones. Steelers walimchukua mkimbiaji Najee Harris.

Kwa maoni yangu, basi, kumrudisha kwa milioni 3.66 kulikuwa sahihi. Kosa, kama lipo, liko katika Machi 2020, pale milioni 9.75 zilipokopwa kutoka mwaka ujao kwa ajili ya mtu aliyekuwa bado hajarusha mpira hata mmoja katika mechi tangu apasuliwe. Na mlipaji hakuwa Roethlisberger. Walilipa wenzake. Nafasi iliyomezwa na deni ilikuwa nafasi ya Bud Dupree, aliyekwenda Tennessee Titans, ya Mike Hilton, aliyekwenda Cincinnati Bengals, na ya Steven Nelson, aliyeachwa ili kupunguza mzigo. Alejandro Villanueva, aliyekuwa akiulinda upande wa kushoto wa kwotabeki, alihamia kwa mahasimu Baltimore Ravens. Matt Feiler alikwenda Los Angeles Chargers. David DeCastro aliachwa Juni akiwa na jeraha la kifundo cha mguu. Pamoja na Pouncey, hao ni wanne kati ya wanaume watano waliokuwa wakimkinga. Mkongwe asiyeweza kukimbia alirudi na kukuta ukuta mpya wa vijana, na mwaka 2021 aliangushwa mara 38, karibu mara tatu ya mwaka uliotangulia. Sijaona takwimu inayoeleza vizuri zaidi jinsi deni la kikomo linavyogeuka kuwa kipigo cha mwilini.

Msimu wenyewe ulikuwa wa kuning'inia. Walishinda ufunguzi kwa Buffalo Bills, wakapoteza mechi tatu mfululizo, wakainuka, wakatoka sare na Detroit Lions wiki ambayo Roethlisberger alikuwa nje kwa UVIKO-19. Pasi zake zilifikia yadi 3,740, tachidauni 22, zilizonaswa 10: kazi ya mtu anayejua kazi, bila cheche. T.J. Watt, kwa upande wa ulinzi, alifikisha rekodi ya Michael Strahan ya kuwaangusha makwotabeki mara 22.5, na ndiye aliyezibeba mechi kadhaa.

Tarehe 3 Januari 2022, ikiwa tayari alfajiri ya tarehe 4 kwa sisi wa Afrika Mashariki, Roethlisberger alicheza mechi yake ya mwisho nyumbani, tena dhidi ya Browns. Alirusha mara 46 kwa yadi 123 tu, pasi fupi baada ya pasi fupi, huku Harris akikimbia yadi 188 na Watt akimwangusha kwotabeki wa Browns, Baker Mayfield, mara nne. Walishinda 26 kwa 14. Mwishoni hakwenda moja kwa moja chumba cha kubadilishia nguo. Aliuzunguka uwanja akiwagusa mikono mashabiki waliokataa kuondoka katika baridi ile. Yadi 123 kwa marusho 46 ni namba ya kusikitisha, na bado timu ilishinda, kwa sababu safari hii wengine walikuwapo kuubeba mzigo ambao mkono wake haukuuweza tena.

Wiki iliyofuata waliwashinda Ravens 16 kwa 13 katika muda wa nyongeza, wakaingia mtoano kwa msaada wa matokeo ya wengine, kisha Kansas City Chiefs wakawatoa kwa 42 kwa 21. Tarehe 27 Januari 2022 Roethlisberger alitundika daluga. Miaka hewa ilijifuta kama ilivyoandikwa, na milioni 10.34 zikahesabiwa katika mwaka ambao timu iliongozwa na Mitchell Trubisky na kijana Kenny Pickett, aliyechaguliwa katika zamu ya 20.

Kwa kipimo cha makwotabeki wenzake wa rika lile, deni hilo lilikuwa dogo. New England Patriots walibeba milioni 13.5 za Tom Brady mwaka 2020 huku yeye akichukua ubingwa na Tampa Bay Buccaneers, na Buccaneers nao walipofika 2023, Brady akiwa amestaafu, walibaki na takriban milioni 35 zake. New Orleans Saints walimwomba Drew Brees ashushe mshahara wake kutoka milioni 25 hadi 1.075 mapema 2021, wiki chache kabla hajatangaza kustaafu, na bado waliendelea kumhesabia. Kila mara utaratibu ni uleule: fedha za kusaini, miaka hewa, na mwaka mmoja wa kulipia mtu ambaye hayupo.

Juni 2025 Steelers walimsaini mkongwe mwingine, Aaron Rodgers, akiwa na miaka 41, kwa mwaka mmoja na dola milioni 13.65, kiasi kinachokaribiana sana na zile 14 za Roethlisberger. Safari hii hawakuwa na jina lake katika daftari lao, kwa hiyo hapakuwa na deni la zamani lililowasukuma. Walikuwa huru kumwacha apite. Daftari lilikuwa New York, ambako Jets waliomwacha miezi michache kabla walibaki na milioni 49 za kulipia ndani ya kikomo, zilizogawanywa kati ya 2025 na 2026.